Jikaze Kisabuni

Siku mama yangu alipotolewa kizazi, nilimdanganya mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa asubuhi, kabla hajaingizwa thieta. Alikuwa amevaa lile gauni lililo wazi mgongoni, kitambaa cha kichwa amekivua, na bila kitambaa alionekana mdogo, kama dadangu. Akanishika mkono akaniuliza, "Nikiamka nitaumwa?" Nikamjibu, "Hutaumwa, Mama. Siku hizi kuna dawa." Mara ya pili ilikuwa jioni, alipoamka akawa anaumwa kweli. Nikamwambia, "Itaisha sasa hivi."

Sikujua lolote. Nilikuwa na miaka 23, nimeacha chuo mwaka mmoja kabla, na kati ya watoto wake watatu mimi ndiye niliyekuwa na muda wa kukaa hospitalini. Sista aliyemwandaa alikuwa amemwambia atasikia kama ameumwa na siafu, basi. Shangazi naye alipiga simu kutoka Kitui akampa yale maneno ambayo kila Mkenya ameambiwa angalau mara moja maishani: jikaze kisabuni.

Mama akajikaza. Siku ya pili alilala chali kama mbao. Hakutaka kugeuka. Kikohozi kikimjia alikimeza, macho yakamtoka. Hakutaka kula, maana ukila utaenda choo, na choo kilimtisha kuliko kisu. Dawa ya maumivu hakuomba hata mara moja. Nilidhani ni ushujaa. Kumbe alikuwa amepiga hesabu yake kimyakimya: siafu hawaumi hivi, kwa hivyo lazima kuna kitu kimeharibika huko ndani, na watu wote wanamficha.

Usiku huo, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki na simu ina chaji asilimia thelathini, nilianza kusoma. Sikuwa natafuta mambo ya udaktari. Nilitaka kujua wanawake waliomtangulia mama yangu kwenye kitanda kile walifanyaje na woga wao, na waliambiwa nini.

*

Tuanze na mwanamke juu ya farasi. Disemba 1809, katika jimbo la Kentucky, Marekani, Jane Todd Crawford, mama wa watoto, miaka arobaini na kitu, alikuwa amevimba tumbo mpaka watu wakadhani ana mimba iliyopitiliza. Daktari Ephraim McDowell akaitwa, akampima, akagundua si mtoto. Ulikuwa uvimbe mkubwa kwenye ovari. Wakati huo hakuna daktari aliyejulikana kuwa amefungua tumbo la mtu akatoa kitu kama hicho na mgonjwa akapona. Dawa ya usingizi ilikuwa haijavumbuliwa. Vijidudu vya kidonda vilikuwa havijajulikana.

McDowell angeweza kumwambia atasikia kama siafu. Hakufanya hivyo. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba alimweleza mama huyo hali yake ilivyo ya hatari, na kwamba hajawahi kuona wala kusikia operesheni kama hiyo ikifaulu. Akamwambia kwamba akikubali, aende Danville, mji alikokaa daktari, karibu kilomita mia moja kutoka kwake.

Crawford alipanda farasi. Katikati ya baridi, siku kadhaa njiani, uvimbe wake ameuegemeza kwenye tandiko. Siku ya Krismasi alilazwa juu ya meza, na kwa dakika kama ishirini na tano alikatwa akiwa macho, huku akikariri zaburi. Uvimbe uliotoka ulikuwa na uzito wa takriban kilo kumi. Siku ya tano McDowell aliingia chumbani akamkuta anatandika kitanda chake mwenyewe. Baada ya siku ishirini na tano alirudi nyumbani, akaishi miaka thelathini na mbili zaidi.

Hadithi hii husimuliwa kama hadithi ya ujasiri wa daktari. Mimi nikiisoma wodini niliona kitu kingine. Yule mama alikuwa na zile siku zote juu ya farasi za kufikiri. Alijua anakoenda. Kila hatua ya yule farasi alikuwa anaweza kugeuka arudi, na hakugeuka.

Miaka miwili baadaye, Septemba 1811, mwandishi Mwingereza Fanny Burney alikatwa titi mjini Paris kwa sababu ya uvimbe uliodhaniwa kuwa saratani. Yeye alituachia barua. Kabla ya operesheni alikuwa na saa mbili za kusubiri. Saa mbili hizo alizimaliza akitembea huku na huko sebuleni, akitazama bandeji zilizorundikwa. Alipewa kinywaji cha mvinyo, akafunikwa uso kwa kitambaa chepesi kiasi kwamba aliona kisu kikimetameta.

Lakini kuna jambo katika barua hiyo lililonifanya niweke simu chini kwa muda. Mmoja wa madaktari alikuwa amemwambia wazi kwamba hatamdanganya, ataumia na ataumia sana. Na akaonywa asijizuie kulia. Madaktari waliona kujizuia ndiko kungemletea madhara. Kwa hivyo alipiga mayowe karibu muda wote wa kukatwa. Aliishi hadi 1840. Barua yenyewe aliianza miezi kadhaa baada ya operesheni na ikamchukua miezi mingine kuimaliza, kwa sababu kila akiandika maumivu yalirudi upya. Kidonda kilikuwa kimefunga zamani. Woga ulikuwa bado.

*

Sasa ngoja, kabla hatujawasifu sana madaktari wa zamani.

Kati ya 1845 na 1849, mjini Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims alikuwa akitafuta namna ya kushona fistula, lile tundu analobaki nalo mama baada ya uchungu mrefu wa kujifungua. Wanawake aliowafanyia majaribio walikuwa watumwa. Majina ya watatu tunayo: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha alifanyiwa operesheni karibu mara thelathini. Ruhusa ilitoka kwa waliowamiliki. Wao wenyewe hakuna aliyewapa nafasi ya kukataa.

Na hapa tarehe zina maana. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, William Morton alimvutisha mgonjwa etha mbele ya umati wa madaktari, na mgonjwa akakatwa shingoni bila kupiga kelele. Mwaka uliofuata James Simpson wa Edinburgh akaanza kutumia klorofomu kwa wanawake wanaojifungua. Habari zilienea haraka ajabu. Mwaka 1853 Malkia Victoria mwenyewe alivuta klorofomu akimzaa mwanawe Leopold. Lakini Montgomery, operesheni ziliendelea mwaka baada ya mwaka bila etha. Sims alishikilia kwamba hazikuwa na maumivu ya kiasi cha kuhitaji usumbufu huo.

Nani aliyepima? Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Anarcha hakuandika barua kama Burney. Tunachojua juu ya maumivu yake tumekipata kwenye kalamu ya mtu aliyeshika kisu. Sims akaitwa baba wa tiba ya magonjwa ya wanawake, akajengewa sanamu New York. Sanamu hiyo iling'olewa Central Park mwezi Aprili 2018.

Tukija huku kwetu, kuna ushahidi wa 1879 kutoka Bunyoro, Uganda ya leo. Robert Felkin, mmisionari aliyesomea udaktari Edinburgh, alishuhudia mahali paitwapo Kahura mwanamke kijana akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe. Mwaka 1884 akachapisha alichokiona. Mganga alimnywesha mwanamke pombe ya ndizi mpaka akawa nusu yuko nusu hayuko. Kwa pombe hiyohiyo akanawa mikono na kulisafisha tumbo. Akapiga ukelele mkali, na watu waliokuwa nje wakauitikia, kisha akakata. Damu ikazuiwa kwa chuma cha moto, kidonda kikafungwa kwa pini saba za chuma na uzi wa gome la mti, halafu kikapakwa mizizi iliyotafunwa na kufunikwa kwa jani la mgomba. Kufikia siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona. Mama na mtoto walikuwa hai.

Wazungu wengi waliosoma taarifa hiyo walishangaa kwamba Waafrika walijua kupasua. Sisi hatuna haja ya kushangaa. Kazi iliyopangwa vile haikuanza siku ile. Mimi nilibaki kwenye sentensi moja ya Felkin, anaposema mwanamke huyo hakutoa sauti mpaka pini zilipoanza kuchomekwa. Amelewa, amefungwa kitandani kwa kitambaa cha gome, wanaume wamemshika. Umati wa nje ndio uliopiga kelele. Yeye alinyamaza, na kunyamaza kwake kukaandikwa kama sifa.

Ndipo nilipomtazama mama yangu aliyekuwa amemeza kikohozi.

*

Etha na klorofomu zilifungua mlango. Mwaka 1853, mjini Lowell, Massachusetts, Walter Burnham alifungua tumbo la mwanamke akidhani anatoa uvimbe wa ovari. Kizazi chenyewe kikajitokeza kupitia kidonda, hakikurudi ndani, ikabidi akitoe. Mgonjwa akapona. Inahesabiwa kuwa mara ya kwanza mtu kutolewa kizazi kwa njia ya tumbo akaishi, na ilitokea kwa bahati mbaya iliyogeuka kuwa nzuri.

Kwa Kiswahili dawa hiyo ya kulaza tunaiita nusukaputi. Nusu ya kufa. Jina hilo lina ukweli wake, na pia lina kasoro: linazungumzia ile saa ya kisu tu. Halisemi chochote juu ya asubuhi ya kesho yake. Na woga wa mtu aliyetolewa kizazi, kama ulivyokuwa wa mama, mara nyingi si wa kisu, maana wakati wa kisu hayupo. Anaogopa kuamka. Anaogopa kucheka, kupiga chafya, kushuka kitandani, kukaa chooni. Anaogopa kwamba akinyooka, mshono utaachia kama zipu.

Madaktari wenyewe waliuogopa huo mshono kwa miaka mingi. Karne ya kumi na tisa ikiisha, mwanamke aliyepasuliwa tumbo alilazwa wiki mbili, tatu, bila kuruhusiwa kushuka. Mwaka 1899 daktari wa Chicago, Emil Ries, aliandika kwamba wagonjwa wake alikuwa anawalisha na kuwainua mapema baada ya operesheni, na walipona vizuri zaidi. Wenzake waliona amepotoka. Ilichukua karibu miaka hamsini kwa wengi kukubali kwamba kulala tu ndiko kunakogandisha damu miguuni, kunakodhoofisha mapafu na kuyalaza matumbo. Miaka ya tisini Henrik Kehlet wa Denmark akaupanga huo ujuzi kuwa utaratibu mzima: kula mapema, kutembea mapema, kutibu maumivu kabla hayajamtawala mtu.

Lakini huwezi kumwambia mtu atembee kama anaamini akitembea atapasuka. Hapo ndipo tunarudi Boston, hospitali ileile ya Massachusetts General.

Mwaka 1964, miaka 118 baada ya Morton kumlaza yule mgonjwa, daktari wa dawa za usingizi Lawrence Egbert na wenzake walichapisha jaribio ambalo hata mtoto wa shule angelielewa. Walichukua wagonjwa 97 waliokuwa wanaenda kupasuliwa tumbo. Wote walitembelewa usiku wa kuamkia operesheni. Kundi moja halikuambiwa lolote kuhusu maumivu ya baadaye. Kundi la pili liliambiwa ukweli: utaumwa hapa, kwa kiasi hiki, kwa muda huu. Wakaelezwa kwamba sehemu ya maumivu hutokana na misuli ya tumbo inayojikaza karibu na kidonda. Wakafundishwa kuilegeza kwa kupumua polepole, na kugeuka kitandani kwa kutumia mikono na miguu badala ya tumbo. Wakaambiwa wakishindwa waombe dawa, ipo. Baada ya operesheni daktari wa usingizi akawarudia tena kuwakumbusha.

Madaktari wapasuaji hawakujua nani yuko kundi gani. Matokeo: walioambiwa ukweli walihitaji karibu nusu tu ya dawa kali za maumivu walizohitaji wenzao, na kwa wastani walionekana wako tayari kwenda nyumbani siku 2.7 mapema.

Soma tena kidogo hapo kwa misuli. Inayojikaza. Kile shangazi alichomwambia mama afanye ndicho, kwa mujibu wa Egbert, kilichokuwa kinamuongezea maumivu.

Simaanishi maneno ni mbadala wa dawa. Kuna hatari mtu akasoma habari ya Egbert akaona ni ruhusa ya kufungia mofini kabatini na kumpa mgonjwa hotuba. Nchi hii inaujua huo uchungu. Nairobi Hospice ilianzishwa 1990 kwa sababu kulikuwa na watu wanaokufa kwa maumivu yanayoweza kutulizwa, na miaka ishirini baadaye, 2010, ripoti ya Human Rights Watch bado ilikuwa inaeleza jinsi watoto wagonjwa sana nchini Kenya wanavyokosa mofini. Wagonjwa wa Egbert walipewa dawa kila walipoihitaji. Tofauti ni kwamba walijua wanachopambana nacho, na walijua kuomba si aibu.

*

Mtu aliyemsaidia mama hakuwa amesoma Egbert, nadhani. Alikuwa sista wa zamu ya usiku, mama mtu mzima, miguu imevimba kwa kusimama. Alipita na toroli, akamwona mama kameza kikohozi, akasimama. Akavuta stuli akakaa, kitu ambacho sikuwa nimeona mtu akifanya tangu tufike.

"Mama, unaogopa nini?"

Mama akanyamaza kwanza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Naona kama nimeharibika ndani."

Sista hakumwambia usiogope. Alimwambia hivi: umekatwa ngozi, mafuta na tabaka zingine chini yake, kila tabaka limeshonwa peke yake, kwa hivyo hata ukikohoa haliachii. Leo ni siku ya pili, na siku ya pili ni mbaya. Kesho gesi itakusumbua pengine kuliko kidonda, na dawa yake ni kutembea. Siku ya nne au ya tano utaona tofauti. Kuna kuvutavuta kutakaa wiki kadhaa, usishtuke. Ukiona homa, au damu nyingi, au usaha, hiyo ndiyo ya kushtukia, uniite. Na dawa ya maumivu unaomba kabla haijawa noma, sio baada.

Akachukua mto, akaukunja, akaushikisha mama tumboni. "Sasa kumbatia huu, ukohoe."

Mama akakohoa. Akalia, kwa sauti, wodi nzima ikasikia. Kisha akakohoa tena. Akadungwa sindano, akageuka kwa ubavu kwa mikono na miguu kama alivyoonyeshwa, akalala saa tano mfululizo. Asubuhi tulitembea mimi na yeye mpaka dirishani na kurudi, amenishika bega, mto tumboni. Hatua kumi na nne. Nilizihesabu.

Nilimwomba msamaha siku ile, pale dirishani. Nilimwambia nilisema uongo kwa sababu nilikuwa naogopa kuliko yeye. Akaniambia, "Nilijua. Ulikuwa huniangalii machoni." Hilo limenikaa. Tunadhani tunamficha mgonjwa maumivu yake, kumbe tunamwacha nayo peke yake, akijua tunajua.

Ni mwaka wa pili sasa. Mama amerudi kwenye kibanda chake cha mboga, ingawa gunia la viazi anabebewa. Mwezi uliopita jirani wa ghorofa ya pili alikuja kwetu jioni, amepewa tarehe, kesi ni ileile, uvimbe na damu isiyokatika. Alikaa pembeni ya kochi kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Akazunguka, akaongea bei ya nyanya, akaongea mvua. Mwisho akauliza.

Nilikuwa jikoni. Nilimsikia mama akizima redio.

"Utaumwa," alisema. "Nisikudanganye. Sasa lete huo mto nikuonyeshe."